Historia yetu tuichore ukuta gani?

Watu wanapotaka kuchora historia ya mji wao ukutani, mazungumzo huanza na kuishia kwenye swali moja tu: tuchore nini? Huyu atasema achorwe mtwa fulani wa zamani, yule atasema ichorwe reli, mwingine atataka achorwe mama anayechuma chai. Swali la pili, tuchore wapi, huachiwa fundi na mwenye ngazi. Ukionekana ukuta mpana usio na madirisha, basi hapo hapo rangi inafunguliwa.

Mimi naona tunaanza na mkia. Mchoro ule ule ukiwekwa sokoni husema jambo moja, ukiwekwa mahakamani husema jingine, na ukiwekwa kwenye ukuta wa hospitali unaweza kusema jambo ambalo mchoraji hakulikusudia kabisa.

Swali hili nililetewa na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Tulikuwa tunasoma sira, kisa cha Makuraishi kuijenga upya Al-Kaaba. Kijana mmoja akanyoosha mkono, akasema: "Ustadh, na hapa kwetu halmashauri ikisema tuchore historia ya mji kwenye jengo lake, nani atashika pembe ya shuka?" Darasa zima likacheka. Lakini ndugu msomaji, swali lile si la kuchekesha hata kidogo, na kisa chenyewe nitakirudia baadaye.

Kwanza tuone jinsi mahali panavyogeuza maana. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Wissmann alichongwa amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika akimwangalia kwa kuinua uso. Kila aliyepita pale aliambiwa bila maneno nani bwana na nani mtumwa. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 sanamu ikaondolewa, na mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Kule ikawa kumbukumbu ya Wajerumani kujililia makoloni waliyopoteza. Wanafunzi wa chuo hicho waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968. Na katika maonyesho ya historia ya ukoloni yaliyofunguliwa Berlin mwaka 2016 sanamu hiyo hiyo ilionyeshwa ikiwa imelazwa chini. Shaba ni ile ile na sura ni ile ile. Dar es Salaam ilikuwa amri, Hamburg ikawa majonzi, Berlin ikawa ushahidi.

Sasa turudi nyumbani. Naishi Makambako, na siku mbili za juma nafundisha Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi. Ni miji miwili ya mkoa mmoja, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Mkoa wa Iringa, lakini haifanani. Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita, ya Songea inachepuka hapo kupitia Njombe, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inafika hapo baada ya kupanda kutoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki. Nusu ya watu unaowaona Makambako mchana hawalali Makambako. Njombe ni mji wa baridi na wa watu wanaojuana. Ukimtaja mtu utaambiwa ni mtoto wa nani na anatoka bonde gani.

Kwa hiyo hata neno "historia ya jamii" halina uzito mmoja katika miji hii. Makambako lazima uulize kwanza: jamii ipi? Mbena mwenye shamba, Mkinga mwenye duka, dereva wa lori, au mama lishe aliyeshuka kwenye basi miaka 20 iliyopita akabaki? Njombe swali ni jingine: jamii inajulikana, je, iko tayari kuiona historia yake yote?

Wapo ndugu zetu Waislamu watakaosema suala hili halituhusu. Sisi ni wachache huku, makanisa ndiyo yenye shule na hospitali za miaka mingi, na isitoshe michoro ya viumbe ina maneno katika dini yetu. Waache wachore, sisi tupite. Naiheshimu hofu hiyo lakini siikubali hoja. Jengo la umma linajengwa kwa ushuru wa muuza mahindi Muislamu kama wa muuza mbao Mlutheri. Aliyekataa kuhudhuria kikao hana haki ya kunung'unika mbele ya ukuta.

Na kuhusu michoro yenyewe, angalia jinsi Mtume (saw) alivyolishughulikia pazia la Bi Aisha (ra). Alilitundika pazia lenye picha, Mtume (saw) akachukizwa nalo, likashushwa, na kitambaa chake kikakatwa kikawa mito ya kuegemea ambayo ilitumika nyumbani mle mle. Katika riwaya nyingine, ya Anas (ra), sababu inayotajwa ni kwamba picha zake zilikuwa zikimjia katika swala. Riwaya zote mbili ziko katika Sahihi ya Bukhari. Wanazuoni wamezichambua kwa namna zao, na hukumu ya picha ya kiumbe chenye roho waulizwe wao, mimi si mufti. Ninachokiona hapo, ambacho hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza atakiona, ni kwamba mahali pa kitu palikuwa sehemu ya suala. Kitambaa kilichotundikwa mbele ya mtu anayeswali si sawa na kitambaa kilichokaliwa. Sisi, basi, tungekuwa watu wa mwisho kusema kwamba wapi haina maana.

(Tena si lazima historia iwe nyuso. Mlima, daraja, njia ya reli, jembe, gunia la viazi, ramani ya safari za mababu, majina yaliyoandikwa kwa mkono mzuri: haya yote ni historia, na sijaona sheikh aliyeyakataa.)

Kuna hadithi nyingine inayotufaa zaidi. Mtume (saw) aliwakataza masahaba kukaa barazani njiani. Wakasema hawana budi, ndipo wanapozungumza. Akawaambia kama ni lazima basi waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kutomuudhi mpita njia. Mtu aliyekaa kijiweni anaweza kuinuka akaondoka. Ukuta hauondoki. Kama mtu wa barazani ana wajibu kwa mpita njia, ukuta uliochorwa una wajibu mara kumi, kwa sababu atakayeudhika nao leo ataudhika nao kesho na kesho kutwa, akienda sokoni na akirudi.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mahali pa mchoro wa historia pasipimwe kwa upana wa ukuta wala kwa wingi wa wageni watakaopiga picha. Papimwe kwa kuuliza: ni nani atalazimika kupita hapa, na je, yupo miongoni mwao mtu aliye hai ambaye mchoro huu kwake ni kidonda?

Nitoe mfano ambao wenyeji watauelewa haraka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011-12 ulionyesha Njombe ikiongoza nchi kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, asilimia 14.8 ya watu wazima. Hakuna historia ya kweli ya mkoa huu, Makete hasa, inayoweza kuruka jambo hilo. Bibi waliolea wajukuu bila wazazi ni historia. Lakini ukichora habari hiyo kwenye ukuta wa kliniki, ambako mama anakaa kwenye benchi akisubiri dawa zake, umemfanya nini? Umemweka chini ya kibao. Kila anayepita atamwangalia yeye, kisha ataangalia ukuta. Wenye umri wangu tunakumbuka mabango ya kutisha ya miaka ile. Nia ya waliyoyabandika ilikuwa njema na wengi wa waliokaa chini yake walijifunika nyuso. Mgonjwa hakuchagua kuja pale. Vivyo hivyo aliyeitwa mahakamani na anayesubiri mwili wa ndugu yake mochwari. Majengo ambayo mtu anakwenda kwa shida yasitumike kumfundishia historia.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, nao umenisumbua kuuandika. Mwanzoni mwa mwaka 2019 mji wa Njombe ulitikiswa na mauaji ya watoto. Nchi nzima ilisikia. Kwa wiki kadhaa wazazi waliwasindikiza watoto wao shuleni kwa mkono. Je, hilo ni historia ya jamii? Ni historia. Je, tulichore kwenye ukuta wa soko? Nimesikia hoja kwamba kutolichora ni kuficha, na kwamba jamii inayoficha haijifunzi. Ni hoja yenye nguvu. Lakini mama aliyezika mtoto mwaka ule bado ananunua nyanya katika soko hilo. Ukuta huo hautamfundisha chochote asichokijua. Utamfundisha mgeni kwa gharama yake yeye. Kwangu mimi hiyo si haki, hata kama mchoro ni mzuri, hata kama una maua na njiwa.

Mtu ataniuliza: kwa kipimo hicho si tutabaki na kuta za maparachichi na jua linalochomoza? Hapana. Waathirika wenyewe wakitaka, wakasimama wakasema tunataka watoto wetu wakumbukwe hapa, basi hapo ndipo mahali pake na hakuna wa kuwazuia. Lakini waseme wao. Asiseme ofisa utamaduni, asiseme mfadhili, asiseme mwalimu kama mimi.

Na yako mambo machungu ambayo kidonda chake si tena cha mtu mmoja mmoja, na hayo nataka yachorwe nje, kwenye jua. Chukua mwaka 1905. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Umatumbi mwezi Julai, vilifika huku Septemba, na misheni ya Kilutheri ya Yakobi, jirani na mji wa Njombe, ikashambuliwa. Mbeyela, mtwa wa Wabena, alikuwa upande wa wapiganaji. Ndani ya misheni walikuwamo Wazungu na Waafrika waliojiunga nao. Huko bonde la Kilombero, Kiwanga, naye mtwa wa Wabena wa upande ule, aliwaunga mkono Wajerumani. Wabena, basi, walikuwa pande zote mbili za vita hivyo. Kisha ikaja njaa, ambayo haikuuliza nani alikunywa maji ya dawa na nani hakunywa.

Sasa weka mchoro wa Yakobi kwenye ukuta wa kanisa: utakuwa kisa cha waumini waliookolewa. Uweke kwenye ukuta wa ofisi ya mkuu wa mkoa: utakuwa kisa cha mashujaa wa taifa. Vyote viwili ni vya kweli na vyote viwili ni nusu. Wazee wa Kanisa wana haki ya kuchora nusu yao nyumbani kwao. Kule Murang'a, Kenya, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kwetu Kilimanjaro, alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 michoro mikubwa ya maisha ya Yesu katika mandhari ya vilima vya Wakikuyu, ndani ya kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Ni kazi ya kusifiwa na mahali pake ni pale. Lakini mtoto wa mpiganaji wa msituni hakupata ukuta wake mle, wala hakutegemewa kuupata. Ukuta wa kanisa unasema kwa niaba ya kanisa, kama kibla cha msikiti kinavyosema kwa niaba ya wanaoswali. Ukuta wa halmashauri hauwezi kujitetea hivyo, kwani waliouchangia ni wote.

Songea walipata jibu lao: makumbusho ya Maji Maji yako pale pale yanapokumbukwa mashujaa walionyongwa Februari 27, 1906. Anayetaka kujua anakwenda, anakuta makaburi, anakuta mtu wa kumweleza. Sisi Njombe hatuna mahali pa namna hiyo. Ndiyo maana nasema habari ya 1905 ichorwe kwenye jengo la umma mjini, wala si Yakobi kwenyewe, na ichorwe ukuta unaotazama njia wanayopita wa madhehebu yote, ili kusiwe na upande utakaoisoma peke yake. Mwenyezi Mungu (sw) katika Suratul Maida ametuonya kwamba kuchukiana na watu kusitufanye tuache uadilifu. Mchoro utakaomweka Mbeyela na Kiwanga kwenye ukuta mmoja, bila kumpa mmoja pembe za shetani, utakuwa umejaribu uadilifu huo.

Kwa upande wa Makambako mimi nachagua stendi, na ninajua baadhi ya wenzangu wanataka stesheni ya reli. Stesheni ni jengo zuri, na historia ya reli inaanzia hapo. Lakini mtu haendi stesheni kama hana tiketi, na treni si ya kila saa. Stendi wanashuka watu wa Songea, Mbeya na Iringa usiku na mchana, na watoto wa mji wanauza karanga hapo. Ukuta wa stendi uchorwe safari. Babu yangu mzaa baba aliondoka Ubena akiwa kijana kwenda Tanga kukata mkonge, manamba kama maelfu ya Wabena wenzake, akarudi baada ya mikataba mitatu akiwa na baiskeli, kikohozi na jina la Kiislamu. Mwenzake wa kijiji hicho hicho alirudi Mlutheri kama alivyokwenda, na mwingine hakurudi. Hao ndio watu wa Makambako. Msafiri anayesubiri basi ana dakika 20 za kutazama, na asiyetaka atageuza uso upande wa mabasi. Hakuna atakayefedheheka.

Ofisi ya halmashauri sitaki, na sababu yangu ni kisa cha Khalifa Umar (ra). Wanahistoria wanasimulia kwamba alipoingia Baitul Maqdis katika karne ya 7, wakati wa swala ulimkuta ndani ya kanisa kuu la Wakristo. Akakaribishwa aswali humo humo, akakataa, akatoka nje, akihofia kwamba Waislamu wa baadaye wangelichukua kwa kusema Umar aliswali hapa. Aliona kuwa tendo jema likifanyika mahali pasipo pake huzaa dai. Historia ikichorwa kwenye mlango wa mwenye madaraka, madaraka yatasema historia ni yake. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, kwa mfano, itachorwaje pale mlangoni? Itachorwa kisima na darasa. Nyumba walizoziacha watu hazitapata rangi.

Nimeahidi kurudi kwenye shuka. Makuraishi walipofikia kulirudisha Jiwe Jeusi katika pembe yake, kila ukoo ulitaka heshima ya kuliweka, na walikaribia kumwaga damu. Wakakubaliana kwamba atakayeingia wa kwanza ndiye aamue. Akaingia Muhammad (saw), wakati huo akiwa na umri wa miaka 35 na utume bado. Akatandaza nguo, akaliweka jiwe juu yake, akawataka wakuu wa koo washike kila mmoja upande wake, wakalinyanyua pamoja, kisha yeye akalitia mahali pake. Zingatieni kwamba wale watu hawakugombana kuhusu mahali. Pembe ilijulikana tangu Ibrahim (as). Waligombana kuhusu mikono. Sisi tuna ugumu maradufu, kwa sababu hata pembe hatuna.

Kwa hiyo, kijana wangu wa kidato cha tatu, washika shuka ni hawa: wazee wa kimila wa Kibena, Kikinga na Kipangwa, KKKT na Katoliki, BAKWATA na jumuiya nyingine za Kiislamu, chama cha madereva, mama lishe wa stendi, na wenye maduka yanayotazamana na ukuta, ambao ndio watakaouona kuliko wote na ndio wasioitwa kamwe. Wakae kabla fundi hajanunua rangi. Wapelekwe kusimama mbele ya ukuta wenyewe asubuhi, mchana na jioni, waone nani anapita.

Na wakubaliane jambo moja zaidi. Majengo ya umma hupakwa rangi upya kila anapokuja mkubwa mpya au mgeni wa kitaifa, na mpaka rangi haulizi chini kuna nini. Uamuzi wa kikao hicho uingizwe kwenye muhtasari wa baraza la madiwani, pamoja na sharti kwamba hakuna atakayeufuta mchoro huo, wala kuuongezea sura ya mtu, bila kuwaita tena wale wale walioshika shuka au warithi wao.